Kula kwa saa huria melini: kilicho huria ni saa peke yake

Juzi mtoto wa mjomba wangu anayeishi Houston alinipigia simu akiwa katikati ya kulipia safari. Ukoo umekubaliana kumpeleka shangazi baharini kwa kutimiza miaka 70: watu 11, siku 7, kutoka bandari ya Galveston, kulekule Texas, kwenda kisiwa cha Cozumel huko Mexico na kwingine, kisha kurudi. Vyumba vilikuwa vimepatikana na tarehe zimekubaliwa. Ndipo ukurasa ukamtaka achague atakavyokula chakula cha jioni. Chaguo la kwanza lilikuwa na saa yake, la pili na saa yake, la tatu halikuwa na saa hata moja. Lilisema tu kwamba utakula kwa wakati wako.

"Dada, si hili la tatu ndilo lenyewe?" akaniuliza. "Hapo tunakula popote, saa yoyote, bila kulipa."

Nilimwomba asibonyeze kwanza. Ndani ya sentensi yake kulikuwa na mambo matatu yaliyofungwa furushi moja: popote, saa yoyote, bila kulipa. Chaguo alilokuwa akiliangalia linahusu moja tu kati ya hayo, nalo ni saa. Mahali pana kanuni zake na malipo yana kanuni zake, na hizo hazibadiliki hata ukibonyeza chaguo gani. Nami safari yangu ya kwanza niliyachanganya vivyo hivyo, na kosa hilo likatuharibia jioni nzima.

Meli ya kitalii ni hoteli inayotembea. Nauli yake inabeba chumba, safari na sehemu kubwa ya chakula. Wakazi wa Mombasa na Unguja wanazijua kwa macho, maana katika miezi ya kuanzia Novemba huingia bandarini na kushusha wageni wa siku moja, wanaokwenda Fort Jesus au Mji Mkongwe na kurudi melini jioni. Wakisharudi, wakaoga, swali la kila mmoja ni tunakula wapi na saa ngapi.

Jibu la kawaida ni bwalo kuu. Ni ukumbi mkubwa, pengine wa ghorofa mbili au tatu, wenye vitambaa mezani, wahudumu na menyu inayobadilika kila usiku. Unaketi, unachagua kitangulizi, chakula chenyewe, na kitamutamu cha mwisho. Bili haiji. Ukitaka vitangulizi viwili badala ya kimoja unaagiza viwili, na hakuna atakayekukunjia uso. Mbali na bwalo kuna bafe, mara nyingi kwenye sitaha za juu, ambako unajipakulia mwenyewe. Kuna pia vibanda vya chakula chepesi kama piza na baga. Halafu kuna migahawa ya kulipia, ambayo inahitaji maelezo yake.

Chaguo lililomtatiza binamu linahusu bwalo kuu, tena wakati wa jioni tu. Hili wengi hawalijui. Kifungua kinywa na chakula cha mchana kwenye meli nyingi ni kwa yeyote anayefika mlango ukiwa wazi, hata kama jioni una saa yako maalumu. Shangazi mwingine aliwahi kuniambia hataki meli "ya kupangiwa saa" kwa sababu hawezi kuamshwa asubuhi kwenda kula. Hakuna anayemwamsha.

Kwanza ijue zamu

Huwezi kuielewa saa huria kabla ya kuelewa kilichokuwepo kabla yake.

Bwalo la meli, hata likiwa kubwa namna gani, haliwezi kuwaketisha abiria wote kwa mara moja. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024, inaweza kubeba abiria wapatao 7,600 ikijaa kabisa. Fikiria umati huo ukisimama mlangoni kwa pamoja, kila mtu na njaa yake. Basi tangu zamani meli zikawa zinagawa abiria mafungu mawili. Zamu ya kwanza huanza kati ya saa 11:30 jioni na saa 12:00. Ya pili huanza saa 2:00 usiku hivi, mara nyingine robo saa kabla au baada ya hapo.

Aliyesoma shule ya bweni hana haja ya kuelezwa zaidi. Kengele ya kwanza wanaingia hawa, kengele ya pili wanaingia wale, na meza yako ni ileile mpaka muhula uishe. Melini unakabidhiwa namba ya meza siku ya kwanza, na kila jioni unaketi hapo, na majirani walewale, ukihudumiwa na watu walewale wawili. Hata maonyesho ya ukumbini hupangwa kwa hesabu hiyo: wa zamu ya kwanza wakiwa mezani, wa zamu ya pili wako kwenye maonyesho, kisha wanapishana.

Utaratibu huu una uzuri ambao watu wanaudharau mpaka waukose. Usiku wa tatu mhudumu anajua kwamba baba hali nguruwe, kwamba mtoto anataka tambi tupu bila mchuzi, na kwamba bibi anapenda chai ya moto baada ya chakula, si kabla. Hamsimami foleni. Meza inawangoja ninyi, haimngoji mwingine.

Ubaya wake unaonekana siku ya bandarini. Umeshuka asubuhi, umetembea juani kutwa, umerudi melini saa 11:00 jioni na mchanga miguuni, na zamu yako ndiyo hiyo inaanza. Au upo zamu ya pili, una watoto wadogo, na ikifika saa 2:00 usiku mmoja ameshalala begani.

Saa huria inafanyaje kazi

Saa huria ni bwalo hilohilo, au ghorofa yake nyingine, na menyu ileile kwa nauli ileile. Kilichoondolewa ni kengele. Mlango unafunguliwa karibu saa 11:30 jioni, unafungwa karibu saa 3:30 usiku, nawe unafika katikati ya hapo unapoona inafaa. Unaketishwa kwenye meza iliyo wazi. Kesho unaweza kuketishwa kwingine, na mhudumu mwingine.

Kila kampuni imeupa mtindo huu jina lake, na majina hayo ndiyo yanayowapoteza watu, kwa hiyo nayataja ili ukiyaona uyatambue. Royal Caribbean huuita My Time Dining. Carnival huuita Your Time Dining. Princess wana Dine My Way, na P&O Cruises ya Uingereza wanaita Freedom Dining. Norwegian walikwenda mbali zaidi: mwaka 2000 walianzisha mfumo wao wa Freestyle, wakaondoa zamu kabisa, kwa hiyo ukipanda meli yao huulizwi chochote kuhusu zamu. Kwa MSC inategemea aina ya tiketi uliyonunua, maana tiketi za daraja la juu ndizo zinazokupa uhuru mkubwa wa saa.

Sasa uje kwenye lile kosa langu. Mtu akisikia "saa yoyote" anaelewa kwamba saa yoyote atakayofika atakuta meza. Sivyo. Saa huria ni kama kula kwa mama lishe. Anapika kuanzia asubuhi, hana kengele, njoo utakapo. Lakini ukienda saa 7:00 mchana, wakati ofisi zote za mtaa zimetoka, utasimama na sahani yako mkononi ukingoja mtu ainuke kwenye benchi. Ukienda saa 5:30 au saa 8:30, unakaa ukanyoosha miguu.

Mama lishe wa melini hufurika kati ya saa 1:00 na saa 1:30 usiku. Abiria wengi, wakiachiwa wachague, huchagua muda huohuo. Sisi tulifika saa 1:30 kamili, watu tisa, tena usiku wa pili, wakati meli imeshinda baharini kutwa na hakuna aliyeshuka popote. Tuliambiwa tusubiri. Tulisubiri karibu saa nzima, mama yangu akiwa ameegemea ukuta kwa sababu viti vya pale mlangoni vilikuwa vimejaa. Mwishowe tuligawanywa meza tatu, mbili upande mmoja na moja nyuma ya nguzo. Mama alikula na wajukuu wawili huku akigeuza shingo kututafuta. Tulikuwa tumelipia safari ili tukae pamoja, na tulikaa kama abiria waliokutana kituoni.

Hakuna aliyetukosea pale mlangoni. Meza ya watu tisa haikuwepo, kwa sababu kwenye saa huria meza nyingi ni za watu wawili, wanne, sita. Ningejua, ningefanya mojawapo ya mambo mawili: kufika kabla ya saa 12:30 jioni, au kuweka nafasi.

Ndiyo, saa huria nayo inaweza kuwekewa nafasi, na hapa kampuni zinatofautiana sana. Nyingine hukuruhusu kuchagua saa kwenye programu ya simu hata wiki kadhaa kabla ya safari, halafu mlangoni kuna foleni mbili: ya waliojiandikisha na ya waliojitokeza tu. Royal Caribbean na Princess hukuwezesha kufanya hivyo. Carnival wao hawaweki nafasi. Njaa ikikushika unafungua programu yao ukiwa popote melini, unaandika mpo wangapi, na meza ikiwa tayari simu inakwambia mwende. Hiyo nayo ni foleni, tofauti ni kwamba unaisubiri ukiwa umekaa sitahani unatazama bahari.

Programu hizo hufanya kazi kwa intaneti ya ndani ya meli bila kulipia kifurushi cha mtandao, lakini ipakue ukiwa nyumbani. Ukishafika melini bila programu, unaanza kuhangaika na vitu ambavyo vingechukua dakika tano sebuleni.

Na kwa kuwa tunazungumzia saa, kuna jambo linalotuhusu sisi wasema Kiswahili zaidi ya wengine. Ratiba ya meli huandikwa 5:30 PM au 17:30. Zote mbili ni saa kumi na moja na nusu jioni. Nimeshuhudia babu wa watu akijiandaa kwa utulivu kwa sababu amesoma 7:30 PM akahesabu saba kwa hesabu ya nyumbani. Kama mnasafiri na wazee, waandikieni saa zote kwa Kiswahili kwenye karatasi na muibandike kwenye kioo cha chumbani. Tena iwe saa ya meli. Meli ina saa yake, na saa hiyo wakati mwingine hutofautiana na ya bandari mliyotia nanga. Simu ikidaka mtandao wa nchi kavu inaweza kujibadilisha yenyewe, mkajikuta mmefika bwaloni saa nzima kabla au, mbaya zaidi, baada.

"Popote" na "bila kulipa"

Turudi kwenye furushi la binamu. Saa yoyote tumeifungua. Imebaki popote na bila kulipa.

Uhuru wa saa hauna uhusiano na migahawa ya kulipia. Abiria wa zamu na abiria wa saa huria wote wanaweza kwenda huko, na wote watalipa. Ni migahawa midogo yenye vyakula maalumu: nyama za kuchoma kwa mtindo wa Marekani, sushi, vyakula vya Kiitaliano au Kifaransa. Baadhi hutoza kiasi kimoja kwa kichwa, mara nyingi kati ya dola 30 na 60, na ukishalipa unakula menyu nzima. Baadhi hutoza kila sahani peke yake. Nafasi huisha mapema, hasa wakati wa mapumziko ya watu na sikukuu zao, kwa hiyo anayetaka kumpeleka mkewe huko siku ya ndoa yao aweke nafasi kabla ya kupanda.

Je, usipokwenda huko hata mara moja utakuwa umepunjwa? Hapana. Bwalo kuu si chakula cha daraja la chini. Unaweza kula vizuri siku zote saba bila kutoa senti kwa mgahawa wowote, na mimi nadhani anayesafiri mara ya kwanza afanye hivyo. Alijue bwalo kwanza, kisha aamue kama anahitaji kingine.

Neno "nauli inajumuisha chakula" lifananishe na kifurushi cha simu. Kifurushi kina dakika zake na data zake, na ukitoka nje yake unakatwa salio. Ndani ya kifurushi cha meli kuna bwalo, bafe, maji ya kawaida, chai, kahawa ya kawaida, na juisi wakati wa kifungua kinywa. Nje ya kifurushi kuna soda, pombe, kahawa za mashine na maji ya chupa. Mtoto akiagiza kola mezani, haiji bure, hata kama sahani iliyo mbele yake ni bure. Chakula cha kuletewa chumbani kiko katikati: kampuni nyingine hawatozi, nyingine hutoza ada ya kukileta, na nyingine hutoza kila kitu isipokuwa kifungua kinywa chepesi.

Fedha taslimu hazitumiki mezani. Unapewa kadi ya meli, inaunganishwa na kadi yako ya benki, na kila soda inaandikwa humo mpaka siku ya mwisho. Kwenye bili ya vinywaji huongezwa bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 bila kuulizwa. Juu ya hiyo kuna bakshishi ya kila siku kwa wahudumu, ambayo kwenye meli nyingi zinazotoka Marekani ni kama dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku. Piga hesabu ya familia ya watu wanne kwa siku 7 kwa dola 17: ni dola 476. Pesa hiyo haimo katika nauli uliyoiona kwenye tangazo, isipokuwa kwa kampuni chache ambazo zimeiingiza humo. Kuchagua saa huria hakuiondoi wala hakuipunguzi.

Nasisitiza bakshishi kwa sababu watu hukasirika wakiiona siku ya kushuka, hasira zikaishia kwa mhudumu. Wanaobeba sahani hizo wengi wametoka Ufilipino, Indonesia na India, na siku hizi hata Kenya, vijana waliosaini mikataba ya miezi kadhaa mbali na kwao. Safari ile tuliyogawanywa, aliyetuhudumia meza ya mama alikuwa kijana wa pwani. Alipomsikia mama akisema "jamani, hii supu haina chumvi," alisimama akacheka, akamwamkia: "Shikamoo mama." Kuanzia hapo tuliomba kila jioni tuketishwe upande wake, na tukakubaliwa. Hili nalo linawezekana kwenye saa huria: mkimpenda mhudumu, mwombeni msimamizi wa bwalo awaweke kwenye meza zake. Mtasubiri kidogo zaidi, lakini mtapata nusu ya uzuri wa zamu.

Halali, mzio na futari

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa sababu makosa ya hapa si ya usumbufu tu.

Meli nyingi za Marekani na Ulaya hazipiki nyama ya halali kama jambo la kawaida. Zinaweza kukuandalia, lakini ni lazima zijulishwe wiki kadhaa kabla ya safari, kwa maandishi, kwa kupitia kampuni au wakala aliyekukatia tiketi. Ukifika mezani usiku wa kwanza ndipo ukaomba, utaishia kwenye samaki na mboga. Hivyo vipo vya kutosha kila usiku, lakini si kila mtu amejiandaa kula samaki wiki nzima, na mchuzi wake uulizie kama una mvinyo ndani.

Mzio ni vilevile. Mwenye mzio wa karanga, au wa kamba, kaa na chaza, aseme wakati wa kukata tiketi, kisha alirudie mwenyewe kwa msimamizi wa bwalo siku ya kwanza. Utaratibu mzuri uliopo kwenye meli nyingi ni kwamba msimamizi anakuletea menyu ya kesho leo usiku, unachagua, jiko linakuandalia sahani yako peke yake.

Sasa angalia jinsi hili linavyokutana na suala letu. Kwenye zamu, mhudumu wako ni yuleyule, anajua. Kwenye saa huria kila jioni unaweza kumpata mtu asiyekujua, na lile dokezo lililoandikwa kwenye kompyuta huenda likamfikia au lisimfikie. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye mzio mkali au familia inayotaka halali kwa uhakika, mimi huwashauri zamu. Kama ni lazima iwe saa huria, basi waombe meza ya upande uleule kila siku, na warudie maneno yao kila jioni bila kuona haya.

Kwa mwenye kufunga mambo yanageuka. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya msimu wa meli za Ghuba zinazozunguka Dubai, Abu Dhabi, Doha na Muscat. Zamu haiwezi kufuata jua. Ya kwanza inaweza kuanza magharibi haijaingia, ukakaa mezani unatazama wenzako wakila, na ya pili ikakukuta umeshangoja saa mbili baada ya adhana. Meli nayo inasogea, kwa hiyo jua la leo halizami dakika ileile ya jana. Kwa saa huria unafungua kwa tende na maji chumbani, unaswali, kisha unashuka bwaloni kwa raha. Daku ipangie mapema: bwalo limefungwa alfajiri, na bafe nyingi pia, hivyo tegemea chakula cha kuletewa chumbani, au beba matunda na mkate kutoka bafe usiku.

Asiyetaka kuhangaika na yote hayo ana njia nyingine. Tangu Desemba 2024 kuna meli ya Aroya, ya kampuni ya Saudia, iliyoanza safari zake Jeddah. Humo chakula ni cha halali na hakuna pombe.

Nani achague nini

Wawili waliooana karibuni, marafiki watatu wanaopenda kuchelewa bandarini, mtu anayesafiri peke yake na hataki kuzungumza na wageni kila usiku: hawa saa huria inawafaa kabisa. Wafike kabla ya saa 12:30 au baada ya saa 2:00, na hawataijua foleni.

Wenye watoto wadogo wako njia panda. Zamu ya kwanza inawahi usingizi wa watoto, lakini inagongana na jioni za bandarini. Wengi huchukua saa huria, wakawa wanakula mapema kila siku, na siku wakichelewa wanakwenda bafe. Bafe haiulizi zamu ya mtu. Ukikosa zamu yako hufi njaa, unapanda juu unajipakulia, na kesho meza yako bado ni yako. Nasema hivi kwa sababu nimekutana na watu waliokimbia mjini Cozumel wakiogopa kwamba wakikosa saa ya kula watalala na njaa.

Disney wana mtindo wa tatu unaostahili kutajwa kwa wenye watoto: familia inahamishwa kila jioni kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, na wahudumu wao wanahama nao. Saa haibadiliki, mahali ndipo panapobadilika.

Mavazi hayategemei chaguo lako. Kama usiku huo ni wa mavazi rasmi, ni rasmi kwa wa zamu na kwa wa saa huria. Mjomba alivaa kanzu na koti usiku wa namna hiyo, akapishwa mlangoni kwa heshima zote. Kaptura na kandambili ndizo zitakazokurudisha chumbani.

Na ukoo mkubwa, kama wa binamu? Nilimwambia achukue zamu ya kwanza, watu wote 11. Meza moja, kila jioni, shangazi katikati. Lakini nilimpa na kazi ya nyongeza, kwa sababu kuchagua zamu moja hakutoshi. Vyumba vyao vimekatwa kwa tiketi tano tofauti, na kompyuta ya meli haijui kwamba hawa ni ndugu. Inatakiwa mmoja wao apige simu, ataje namba za tiketi zote tano, aombe ziunganishwe kwa ajili ya meza. Asipofanya hivyo wanaweza kuwa zamu moja, bwalo moja, na meza tano zisizoonana.

Aliuliza: je, wakifika wakaona zamu haiwafai? Mchana uleule wa kupanda, kabla meli haijang'oa nanga, msimamizi wa bwalo huwa na dawati lake mahali, na saa zake zimeandikwa kwenye ratiba ya siku. Mabadiliko hufanyika hapo, mradi nafasi ipo. Kutoka zamu kwenda saa huria mara nyingi ni rahisi, maana haihitaji meza maalumu. Kutoka saa huria kwenda zamu ndiko kugumu, kwa sababu meza kubwa zinakuwa zimeshagawiwa, na mtu anaandikwa kwenye orodha ya kusubiri. Binamu alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha nikasikia sauti ya kubonyeza. "Zamu ya kwanza," akasema. "Nipe dakika niwaombe wenzangu namba zao za tiketi."